Msoma Mkojo na Mwandika Namba

Kabla hajakifungua kikombe, kabla hata hajakiinua kwenye mwanga, fundi huyu wa maabara husoma kibandiko: jina, umri, namba ya faili, saa ya kutolewa. Kama saa haikuandikwa, huuliza. "Baba, huu umeutoa saa ngapi?" Akijibiwa kuwa ni wa alfajiri, umekuja na gari ya Mkokotoni ndani ya kikapu, hukiweka kikombe kando bila ya kukunja uso, hutoa kingine kipya na kumwelekeza mzee chooni. Hamkaripii mtu. Lakini mkojo wa zamani hausomi. Kwa joto la Unguja, mkojo uliokaa asubuhi nzima si ule tena uliotoka mwilini: bakteria wameshazaana humo na chembe za damu zimepasuka zikapotea. Na ukiwekwa kwenye friji ili usiharibike, chumvi zilizokuwa zimeyeyuka huganda zikawa fuwele ambazo mgonjwa hakuwa nazo. Muda mzuri ni ndani ya saa moja. Ikipita ya pili, hata kama aliyeleta ni jamaa yake, anaomba mwingine.

Mimi nilikwenda kumtazama kwa sababu ya namba. Mtu akiumwa na mawe ya figo, kwenye faili lake na kwenye fomu ya bima huandikwa herufi moja na tarakimu chache: N20.0, au N20.1, au N23. Mlipaji akiiona hiyo hulipa, Wizara ya Afya ikiipata huihesabu, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi hata haioni. Nilitaka kujua inatoka wapi. Nikaambiwa nianze chini, maabara, halafu ndipo nipande juu kwa karani wa rikodi.

Maabara yenyewe ni chumba kirefu cha nyumba ya kale ya Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kuweza kukaa dirishani na miguu yake yote. Unene huo una faida. Mchana wa kaskazi, nje kukiwa kunachoma, ndani vipimo havipati shida. Meza ni moja, ndefu, yenye vigae vyeupe. Kila kitu juu yake kina mahali pake, na fundi hunyoosha mkono bila ya kutazama.

Maelekezo ya kutoa mkojo huyasema kila mara kwa maneno yaleyale. Nawa kwanza. Wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati, wa mwisho uache. Kwa wanawake huongeza mengine, na huyasema kwa sauti ya chini akiwa amesogea karibu, maana kwetu haja ndogo haitangazwi dirishani. Wengine hucheka kwa haya. Yeye hungoja wamalize kucheka, kisha huwauliza: "Umenifahamu, bi mkubwa?" Nilimsikia akiyarudia kwa kila aliyefika, na hakuna aliyepewa maelezo mafupi kuliko mwenzake. Mkojo wa mwanzo hubeba uchafu wa ngozi na chembe za njiani, na kikombe kilichojaa uchafu wa njiani humpeleka daktari kwenye maradhi ambayo hayapo.

Kisha huja jicho. Hukiinua kikombe mbele ya dirisha, nyuma yake akiweka karatasi nyeupe, na kukizungusha polepole. Anatazama rangi, na anatazama kama mwanga unapita au unazuiwa. Mkojo wa kwanza niliomwona nao ulikuwa wa mvuvi wa Malindi, mtu wa makamo, aliyekuja ameinama upande mmoja kwa maumivu ya ubavu yaliyokuwa yakimshuka mpaka kinenani. Ulikuwa na wekundu uliochanganyika na ukahawia. Mimi nikasema kimoyomoyo: damu. Fundi hakuandika damu. Aliandika: "nyekundu-kahawia, una ukungu kidogo." Halafu akatoka dirishani akamuuliza yule bwana kama amekula biti, kama anatumia dawa za kifua kikuu, kama ana dawa yoyote nyingine anayokunywa. Biti huweza kutia wekundu, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huugeuza mkojo ukawa wa rangi ya chungwa inayokaribia nyekundu. Rangi imeonekana, damu bado haijathibitika. Baadaye nilitambua kwamba kazi yake yote, tangu dirishani mpaka kwenye fomu, inafuata tabia hiyo moja: haandiki zaidi ya alichokiona.

Kutazama mkojo kwa namna hii si jambo jipya katika tiba iliyofika pwani yetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliwekea masharti katika kitabu chake cha Al-Qanun: mkojo uwe wa asubuhi, uwekwe kwenye chombo cha kioo kinachopitisha mwanga, usikawie, na atazamaye apime rangi, uzito, uangavu, mashapo, harufu, povu na wingi wake. Kabla yake, Al-Razi aliandika risala nzima kuhusu mawe ya mafigo na ya kibofu. Nikimtazama fundi na karatasi yake nyeupe dirishani, naona kuwa orodha ile imebaki karibu ileile, isipokuwa baadhi ya mambo yake sasa yana vipimo vya kusaidia.

Kijiti cha kupimia ni kipande cha plastiki chembamba chenye viraka kumi vya rangi. Hutolewa kwenye mkebe kimoja kimoja, na mkebe hufungwa papo hapo kwa sababu unyevu wa hewa ya bahari huviharibu viraka kabla ya tarehe iliyoandikwa. Anakichovya, anakitoa mara moja, ukingo wake anaupitisha kwenye mdomo wa kikombe ili mkojo uliozidi udondoke, kisha anakilaza. Hakisimamishi, kikisimama, rangi za kiraka cha juu hushuka zikaingia kwenye cha chini na majibu yakachanganyika. Baada ya hapo kila kiraka kina saa yake. Sukari husomwa baada ya sekunde 30, ketoni 40, uzito wa mkojo 45, damu, protini na naitraiti 60, na chembe nyeupe ndiyo ya mwisho, sekunde 120. Dakika mbili si muda mrefu, lakini jaribu kusimama dakika mbili bila ya kufanya kitu kingine, foleni ikiwa imefika mlangoni. Simu yake ililia mezani. Hakuipokea, wala hakuigeukia.

Kwenye kiraka cha damu, hatazami tu kama rangi imegeuka, anatazama imegeuka vipi. Ikiwa ni vidoadoa vya kijani, chembe za damu zimefika nzima. Ikiwa ni kijani kilichotandaa sawasawa, huenda chembe zimepasuka, au si chembe kabisa bali ni rangi ya damu iliyomwagika, au hata ni rangi itokayo kwenye misuli iliyoumia. Na mtu anayemeza vitamini C kwa wingi anaweza kukifanya kiraka kinyamaze na damu ipo. Kwa yule mvuvi vilikuwa vidoadoa. Uzito wa mkojo wake ulisoma 1.030, ukomo wa juu wa kijiti. Ni mkojo wa mtu aliyeshinda baharini juani na chupa moja ya maji. Fundi aliandika yote mawili, hakuyaunganisha.

Kijiti kinatosha kwa watu wengi, na zipo maabara zinazoishia hapo. Yeye haishii hapo. Anamimina mkojo kwenye mrija wa kioo hadi alama ya mililita 10, na kabla ya kuutia kwenye mashine ya kuzungusha, huchukua mrija wa pili, huujaza maji kwa kiasi hicho hicho, na kuuweka upande wa pili ili mashine isiyumbe. Dakika tano, kwa mwendo wa wastani. Mwendo wa kasi huvivunja vitu vilivyo laini. Mashine ikisimama yenyewe, huutoa mrija akaumimina kwa mkupuo mmoja na kuurudisha wima. Anayemimina mara mbili hupoteza mashapo. Chini hubaki karibu nusu mililita, na ndani yake kuna kila kitu kilichokuwa kikielea kwenye kikombe. Anaupiga mrija kwa ncha ya kidole mara kadhaa ili mashapo yachanganyike, anachukua tone, analiweka katikati ya kioo, na kioo chembamba cha kufunikia anakilaza kwa kukishusha kutoka upande mmoja, taratibu, hewa itoke mbele yake. Akikiangusha ovyo, povu la hewa hubaki, na povu chini ya hadubini ni duara lenye ukingo mweusi ambalo limewahadaa wanafunzi wengi.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitarajia. Badala ya kuongeza mwanga wa hadubini, aliupunguza. Akaishusha kondensa, akaibana tundu ya mwanga mpaka uwanja ukawa wa kijivu. Vitu vya ndani ya mkojo havina rangi. Ukivimulika sana vinapotea mbele ya macho yako. Mwanagenzi hutaka mwanga zaidi na haoni kitu. Fundi anataka kivuli, kwa sababu ni ukingo wa kitu, ule mstari hafifu kati yake na maji, unaomwambia kitu ni nini.

Anaanza na lenzi ya 10. Anakipitisha kioo kutoka kona moja, mstari kwa mstari, akirudi nyuma na kushuka kidogo, kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto viko kwenye skrubu ya kusogezea, na vya kulia vinacheza na ya kulengea, mbele kidogo, nyuma kidogo, bila ya kukoma, maana tone lina kina na kila kina kina vitu vyake. Kwenye lenzi hii anatafuta vile vijiti vya protini vinavyofinyangwa ndani ya mirija midogo ya figo na kutoka vikiwa na umbo la mirija hiyo. Vikiwa na chembe nyekundu ndani yake, damu inatoka kwenye figo lenyewe, na mgonjwa ana safari nyingine kabisa. Kwa mvuvi hakuona hata kimoja. Akahamia lenzi ya 40.

Alinipisha kwenye kiti nami nikaangalia. Kwanza niliona kope zangu. Nilipotulia, zikatokea duara nyingi ndogo, za rangi ya majani makavu, zote za ukubwa mmoja, zenye kingo laini. "Angalia zinavyofanana," akasema. Chembe nyekundu zinazopenya kwenye vichujio vya figo hutoka zimeminywa, nyingine na vinundu, nyingine nusu. Zile zinazotoka mahali palipokwaruzwa chini ya hapo hutoka kama zilivyo. Hizi zilikuwa kama zilivyo. Kisha akasogeza kioo kidogo, na pembeni mwa uwanja kikaja kitu kinachong'aa: mraba mdogo, safi, wenye mistari miwili inayokatana kutoka pembe hadi pembe. Ni fuwele ya kalsiamu oksaleti. Kwenye vitabu umbo lake hufananishwa na bahasha. Nikaona ya pili, na ya tatu.

Fuwele nyingine alinisimulia akiwa anasafisha lenzi. Za asidi ya yuriki ni za manjano au kahawia, nyingine zina pembe nne nyingine zimekusanyika, nazo hupenda mkojo wenye asidi. Zile zenye umbo la kifuniko cha jeneza hutokea kwenye mkojo wenye alkali, na mara nyingi nyuma yake kuna bakteria wanaovunja yurea. Ya sistini ni bapa, haina rangi, ina pembe sita sawasawa; hii ni ya kurithi, nadra, na akiiona humwita mwenzake aje aitazame kabla ya kuiandika. Hahitaji ushahidi mwingine, ila anataka jicho jingine.

Nikamwambia: basi huyu bwana ana mawe. Akatikisa kichwa. Mtu mzima wa afya anaweza kuwa na fuwele za oksaleti baada ya kula mchicha mwingi na kunywa maji kidogo. Na mwenye jiwe linalomgaragaza anaweza kuleta mkojo usio na fuwele wala damu. Fuwele zinasema mkojo huu una chumvi za kutosha kuganda. Hazisemi kama kuna pahali zimegandamana zikawa jiwe. Kwenye fomu aliandika: "Chembe nyekundu 20 hadi 30 kwa uwanja, umbo la kawaida. Fuwele za kalsiamu oksaleti, chache. Vijiti vya protini havikuonekana. Mayai ya kichocho hayakuonekana." Neno jiwe halimo.

Hilo neno la mwisho, kichocho, lina uzito wake Unguja. Damu kwenye mkojo wa mvuvi wa Malindi na damu kwenye mkojo wa mtoto wa skuli wa Kaskazini ni rangi ileile kikombeni. Kichocho chetu ni kile cha njia ya mkojo, na hupita kwa konokono wa maji baridi aitwaye Bulinus globosus. Konokono huyu anaishi kwenye vijito na madimbwi ya katikati na kaskazini ya kisiwa. Kusini na mashariki, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, maji ya juu ni haba na maambukizi hayapo. Kwa hiyo fundi akisoma kwenye kibandiko kuwa mtoto anatoka upande wa Kinyasini, hubadilisha njia ya kazi. Na hubadilisha saa. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mtoto aliyekuja mapema huambiwa acheze kidogo kwanza, aruke ngazi, kisha ndiyo aende chooni.

Kwa kazi hii haitumii mashine ya kuzungusha. Anakitikisa kikombe kwa upole kwa sababu mayai huzama chini, anavuta mililita 10 kwa bomba la sindano, anafunga mbele yake kishikizo kidogo cha plastiki chenye chujio ndani, na kusukuma. Anasukuma polepole mno. Chujio lina matundu ya maikroni 12 tu, na akilazimisha litachanika au mayai yatapenya pembeni. Mkojo ukiisha, anavuta hewa na kuipitisha ili tone la mwisho nalo litoke. Anakifungua kishikizo, analinyanyua chujio kwa kibanio kwa ukingo wake, analigeuza juu ya kioo ili upande uliopokea mkojo uwe chini ya jicho, anadondosha iodini. Halafu anasoma chujio zima. Hachagui sehemu. Mistari yote, kutoka ukingo hadi ukingo, na kidole gumba kikibonyeza kihesabio kila yai linapopita.

Yai lenyewe haliwezi kusahaulika na aliyeliona. Ni refu, kati ya milimita 0.11 na 0.17, limechongoka upande mmoja na kumalizika kwa mwiba mfupi. Mtoto mmoja wa kiume siku ile alikuwa na mayai 63 katika mililita 10. Kuanzia 50 huhesabiwa kuwa ni maambukizi mazito. Chini ya hapo, mepesi. Katika moja ya mayai yale, kabla ya iodini kuingia vizuri, fundi alinionyesha kiluwiluwi ndani ya ganda akipepesa vinyweleo vyake, hai. Akaniachia nimtazame mpaka alipotulia.

Tiba ya kichocho ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, na Zanzibar imeshaigawa kwa wananchi wake mara nyingi. Kati ya 2011 na 2017 Unguja na Pemba zilikuwa uwanja wa mradi mkubwa wa kujaribu kuukata kabisa mzunguko wa maradhi haya, kwa dawa, kwa kuua konokono, na kwa elimu ya skuli na mitaani. Maelfu ya vikombe vilipita kwenye vichujio vidogo namna hii, na nyuma ya kila kikombe alikuwapo mtu aliyekaa akahesabu kwa kidole gumba. Ramani zinazoonyesha leo ni shehia zipi kichocho kimepungua na zipi kimeng'ang'ania zimechorwa kwa vidole hivyo.

Mkojo wa tatu niliouona, wa mama mwenye kuungua wakati wa haja, naupita haraka: naitraiti ilikuwapo, chembe nyeupe nyingi, bakteria tele. Fundi aliutenga kwa ajili ya kuoteshwa na kuendelea.

Karani wa rikodi yuko juu, chumba kidogo kilichoelekea uani. Ni kijana, ana kompyuta, na mbele ya kompyuta ana vitabu vikubwa viwili vilivyochakaa pembe: juzuu ya 1 na ya 3 ya toleo la 10 la orodha ya kimataifa ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani. Orodha hii ina ukoo mrefu. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya sababu za vifo ili nchi ziweze kulinganisha hesabu zao, na ikawa inapitiwa upya kila baada ya muda. Toleo la 10 lilipitishwa mwaka 1990, na la 11 likaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Katika toleo la 11 mawe ya figo na mrija wake yako chini ya GB70. Lakini mafaili niliyoyaona mezani kwake yaliandikwa kwa toleo la 10, na alilifahamu hadi mahali lilipopasuka.

Utaratibu wake hauvunjwi. Anaanza na juzuu ya 3, faharasa. Hatafuti kiungo, anatafuta maradhi: jiwe kwanza, halafu chini yake mahali lilipo. Faharasa humpa namba. Wengi wangeiandika na kumaliza. Yeye huifuata ile namba kwenye juzuu ya 1 na kusoma kila kitu kilichoandikwa juu yake, chini yake na pembeni: kinachoingia, na hasa kisichoingia. Jiwe la figo ni N20.0. La mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo ni N20.1. Yakiwa pahali pote pawili, N20.2. Jiwe la njia ya mkojo lisilotajwa mahali, N20.9. La kibofu linatoka kabisa kwenye kundi hili na kuwa N21.0. Na maumivu makali ya figo ambayo sababu yake haijajulikana ni N23. Hapo jiwe halitajwi kwa kuwa hakuna aliyeliona.

Faili la mvuvi lilipofika, daktari alikuwa ameandika maneno matatu: mawe ya figo. Ingekuwa rahisi: N20.0, faili linalofuata. Karani akafungua ukurasa wa nyuma, akakuta karatasi ya ultrasaundi. Jiwe limeonekana kwenye mrija wa kushoto, na figo la kushoto limetanuka kwa mkojo uliozuiliwa. Akarudi kwenye juzuu ya 1, kidole kikashuka chini ya N20, kikasimama kwenye mstari mdogo unaosema kuwa kundi hili halichukui mawe yaliyoambatana na kutanuka kwa figo. Hayo yana namba yao, N13.2, kwenye ukurasa mwingine kabisa. Hakuandika N13.2 papo hapo. Yeye si daktari, na ultrasaundi si uamuzi wa daktari. Alishuka ngazi na faili mkononi, akangoja nje ya mlango mpaka mgonjwa aliyekuwa ndani akatoka. "Dokta, samahani, huyu bwana jiwe ni la mrijani au la figo? Na huku kutanuka tukuandike?" Daktari akaangalia, akaongeza mstari, akatia saini. Karani akapanda tena, akaandika namba.

Tofauti hiyo si ya karatasi tu. N20.0 inaweza kuwa jiwe lililokaa kimya miaka mitano. N13.2 ni figo linaloumia sasa hivi, lenye kuhitaji kufunguliwa njia. Mwisho wa mwaka, anayepanga wataalamu na vifaa vya upasuaji husoma namba hizi tu, mvuvi hamjui.

Kwa mtoto wa Kaskazini namba ilikuwa B65.0, kichocho cha njia ya mkojo. Hapa karani alinionyesha kitu kinachomuuma. Mafaili mengine ya watoto humfikia yameandikwa "damu kwenye mkojo" basi, hakuna chujio lililofanywa, na hana budi kuandika R31, yaani damu kwenye mkojo bila ya sababu kutajwa. Mtoto aliyeandikwa R31 hayumo kwenye hesabu ya kichocho, hata kama shehia nzima inaoga kijito kimoja.

Lipo pia faili la mzee mmoja ambalo karani amelihifadhi akilini, kwa sababu kazi kama ile haimjii kila siku: jiwe la kibofu kwa mtu aliyekuwa na kichocho miaka mingi, na daktari aliandika wazi kwamba hili limetokana na lile. Toleo la 10 linayo njia ya kuyaandika mawili kwa pamoja. Huwekwa B65.0 yenye alama ya msalaba mdogo, maana yake ndicho chanzo, na nyuma yake N22.0 yenye nyota, jiwe la njia ya mkojo katika kichocho. Namba yenye nyota haisimami peke yake. Kama daktari angeyataja maradhi hayo mawili bila ya kusema kwamba moja limezaa jingine, karani asingethubutu kuyafunga pamoja. Nilimuuliza kama hakuwahi kutamani kuyafunga, kwa kuwa kila mtu anajua. "Kila mtu anajua," akajibu, "lakini hakuna aliyeandika."

Ana ombi moja kwa madaktari, na aliniomba niliandike kama alivyolisema, nami naona ana haki. Mgonjwa wa mawe akipita mikononi mwenu, andikeni jiwe liko wapi, na kama figo limetanuka au halikutanuka. Ni mstari mmoja wa kalamu, naye hatalazimika kushuka ngazi na kukusimamishieni foleni.